Matroni Ameondolewa Kwenye Gari la Shule, Nami Naambiwa Niwajibu Wazazi Kuwa Anaumwa

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni dereva wa gari la shule hapa Dar es Salaam, nina miaka 38. Leseni yangu ni ya daraja C, na udereva wa magari ya abiria nilisomea Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Kabla ya kazi hii niliendesha daladala ya Mbezi kwenda Kariakoo. Kazi ya shule niliipenda tangu mwanzo kwa sababu jioni hakuna hesabu ya tajiri, hakuna kugombea abiria vituoni, na Jumapili nashinda na familia yangu.

Gari ninaloendesha ni Coaster, linabeba wanafunzi 27 kuanzia chekechea hadi darasa la sita. Tulikuwa wawili humo, mimi na matroni ambaye watoto wanamwita Anti. Asubuhi Anti alikuwa wa kwanza kushuka kila kituo. Anampokea mtoto kutoka mkononi mwa mzazi, anamkalisha, anaweka alama kwenye orodha, ndipo ananigongea bodi niondoke. Jioni anamshika mkono mtoto anayevuka, anamfikisha ng'ambo na kumkabidhi kwa mtu anayemfahamu. Mimi kazi yangu ilikuwa usukani na vioo tu.

Muhula huu tulipofungua shule sikumkuta. Mwalimu anayesimamia usafiri aliniita pembeni akasema wanafunzi wamepungua, shule inabana matumizi, kwa hiyo kwa sasa nitakuwa peke yangu. Nilipomuuliza nitawavushaje watoto wa Barabara ya Morogoro, alinijibu kwamba mimi ni mzoefu, nitajua. Kisha akaniambia wazazi wakiuliza niseme Anti anaumwa.

Mama, mimi natokea upande wa Kibamba nikielekea mjini. Mlango wa gari unafungukia kushoto, na nyumba za watoto watano ziko upande wa pili wa barabara. Wewe unaijua barabara ile ilivyo siku hizi. Zamani ulikuwa unavuka njia mbili, sasa ni upana wa njia nane, malori ya mikoani, mabasi ya kutoka stendi, bodaboda zinazopita popote. Nikishuka kumvusha mtoto mmoja naacha watoto wengine ndani ya gari lenye injini na funguo, na nisiposhuka mtoto wa miaka sita anavuka peke yake.

Nikapata njia yangu. Kuna binti wa darasa la sita, mtulivu, ana akili ya kiutu uzima, wadogo wote wanamwita Dada Mkubwa. Yeye ndiye anayenisaidia. Anashuka, anawashika mikono, anawavusha, anarudi, anagonga bodi kama alivyokuwa akifanya Anti. Anapanda kituo cha mwanzo na kushuka cha mwisho, kwa hiyo yupo njia nzima. Kusema kweli anafanya vizuri kuliko watu wazima wengi ninaowajua, na mwenyewe anafurahia.

Kulikagua gari nako nafanya mwenyewe. Tukifika shuleni huwa natembea hadi kiti cha nyuma na tochi, maana saa kumi na mbili kasoro bado kuna giza. Juzi nilimkuta mtoto wa chekechea amelala sakafuni kati ya viti, amekumbatia begi lake, sweta limemfunika uso. Ukisimama mlangoni humwoni kabisa. Nilimbeba hadi darasani bila kumwamsha. Tangu siku hiyo nikilala nageuka geuka.

Sasa limezuka jambo jingine. Wazazi wana kundi lao la WhatsApp. Mama mmoja aliniuliza dirishani, "Anko, Anti hajapona tu?" Nikajibu kama nilivyoagizwa. Wiki iliyofuata akaniambia wameanza kuchangishana ili wakamwone na wampelekee chochote. Aliniomba niwaelekeze amelazwa wapi! Nilisema nitauliza. Anti haumwi. Yuko nyumbani kwake Msakuzi anapika maandazi.

Mke wangu ananishauri ninyamaze. Anasema mimi ni dereva, masuala ya matroni ni ya ofisi. Tena watoto wetu wawili wanasoma shule hiyo hiyo kwa nusu ada kwa sababu mimi ni mfanyakazi, na mdogo anapanda gari hilo hilo. Nikifukuzwa, ajira inakwenda na shule ya watoto inakwenda. Naye mwalimu wa usafiri amekwishanidokeza kwamba madereva wenye leseni wamejaa vijiweni.

Nikisema nitaitwa mchonganishi. Nikinyamaza naona kama nadanganya watu walioniachia watoto wao. Wajibu wangu unaishia wapi, Mama?

Anko Dereva, Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, baba. Barua yako nimeirudia, na kabla ya lolote nakupa pole. Umeachiwa kazi ya watu wawili, na juu yake ukapewa maneno ya kuwaambia wazazi. Nikisoma unavyoandika, naona hayo maneno ndiyo yanayokunyima usingizi kuliko hata hiyo kazi.

Nikikuelewa vizuri, shida yako ina pande mbili zilizoshikana. Upande mmoja ni wa barabarani: mtu mmoja hawezi kukaa kwenye usukani na wakati huo huo amshike mtoto mkono ng'ambo ya barabara. Upande wa pili ni wa ukweli: wazazi wanadhani mtu mzima yupo mlangoni, na wewe umeagizwa uwaache wadhani hivyo. Ungeweza kupata ufumbuzi wa upande mmoja na mwingine ukabaki palepale. Shule ikimrudisha Anti kesho, yale uliyomjibu yule mama dirishani hayafutiki. Na ukiwaambia wazazi ukweli leo, watoto watano bado watahitaji kuvuka jioni.

Niseme kwanza juu ya barabara, kwa sababu hapo naona mwalimu wa usafiri amekosea hesabu. Tukitaja usalama wa gari la shule, wengi wetu akili hukimbilia Karatu, ile tarehe 6 Mei 2017, walipokufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva baada ya basi lao kutumbukia korongoni. Ni msiba ambao nchi haijausahau na haistahili kuusahau. Lakini umetufundisha kutazama breki, matairi, mwendo na idadi ya abiria, mambo ya gari linalotembea. Hatari ya kila siku katika barua yako iko kwenye gari lililosimama. Iko pale mlango unapofunguka. Marekani, ambako mabasi ya shule yana sheria zake tangu zamani, madereva hufundishwa kuwa mita tatu kuzunguka basi pande zote ndilo eneo la hatari, kwa sababu mtoto mdogo akiwa karibu na bampa, aliyekaa kwenye usukani hamwoni. Huko basi likisimama na taa zake nyekundu zikawaka, magari mengine sharti yasimame. Hapa kwetu ukiwasha hazadi, wa nyuma anakupita kwa kasi zaidi asikwame nyuma yako. Kwa hiyo kazi ambayo kule inafanywa na sheria na taa, kwetu ilikuwa ikifanywa na Anti kwa mikono yake miwili. Ofisini huenda walimhesabu kama mtu wa kutuliza kelele za watoto. Wewe unajua alikuwa nani.

Na hilo la kutembea na tochi hadi kiti cha nyuma, usije ukaliacha hata siku moja, hata ukichelewa, hata akirudi matroni. Septemba 2022 huko Qatar, mtoto wa chekechea wa miaka minne alisinzia kwenye basi la shule, waliohusika wakashuka na kufunga bila kukagua, na joto la mchana likamuua humo ndani. Serikali ikaifunga chekechea hiyo. Wewe ulimkuta wako kwa sababu ulitembea ukafika. Kama unageuka geuka usiku kwa ajili yake, ujue kwamba siku ile ulifanya sawasawa na kazi yako inavyotaka.

Sasa naomba unisikilize kwa upole kuhusu Dada Mkubwa. Najua umemsifu kwa moyo safi, na sina shaka kwamba anaweza. Lakini nimejiuliza maswali ambayo sikuyaona kwenye barua. Mama yake anajua? Akimvusha mdogo na yule mdogo akajichomoa mkononi, binti huyu atambeba nani moyoni maisha yake yote? Wewe unasema anafurahia. Mtoto wa darasa la sita akiaminiwa na mtu mzima anayempenda hufurahia, na kwa sababu hiyo hiyo hatakuambia siku akiogopa. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yeye ni mtoto kama wale anaowavusha, na barabara ya njia nane haimpunguzii hatari kwa sababu ana akili. Isitoshe, yeye naye amelipiwa nauli ili afikishwe nyumbani salama. Sikulaumu, kwani ulikuwa umeachwa bila msaada ukatumia uliopo. Ila katika yote uliyoniandikia, hili ndilo naona halina nafasi ya kungojea mazungumzo ya ofisini. Anaweza kuendelea kuwa Dada Mkubwa ndani ya gari, akaweka alama kwenye orodha, akawasaidia wadogo kufunga mikanda kama gari lina mikanda. Barabarani ni habari nyingine.

Utaniuliza, basi nani avushe? Hapa nataka tutumie ujuzi wako, maana barabara unaijua kuliko mimi. Je, kuna ulazima wa mtoto yeyote kuvuka? Mlango unafungukia kushoto, sawa. Ukienda kugeuzia mbele, kisha ukarudi kwa upande wa pili, watoto hao watano watashukia upande wa nyumbani kwao. Itakula mafuta na dakika, na wenye nyumba za mwisho watachelewa. Asubuhi itabidi wengine waamke mapema zaidi, na hilo kwa mtoto wa chekechea si jambo dogo. Lakini ni mabadiliko ambayo dereva anaweza kuyachora kwenye karatasi na kuyapeleka kwa mwalimu kama pendekezo la kazi, wala hakuna atakayekuita mchonganishi kwa kupendekeza mzunguko. Pale ambapo hilo haliwezekani, jambo jepesi ni mzazi au mtu wake aje kusimama upande wa kituo badala ya kusubiri ng'ambo, na mtoto asishuke mpaka huyo mtu ameonekana. Kumbuka tu kwamba ukimwomba mzazi hivyo, atakuuliza kwa nini, na tutakuwa tumerudi kwenye lile la Anti.

Njia nyingine imo humo humo shuleni. Shule nyingi zina walimu wanaoishi kwenye njia ya gari na wanapanda asubuhi bila kulipa nauli. Kama yupo hata mmoja wa upande wa Kibamba, anaweza kukabidhiwa mlango rasmi, kwa barua na posho kidogo. Nasema rasmi kwa makusudi. Mwalimu anayepanda kwa hisani atakaa kiti cha mbele asahihishe madaftari, siku akiwa na kikao cha jioni hatakuwepo, na wewe utarudi peke yako bila taarifa.

Tuje kwenye ofisi. Kuna jambo ulilolichukua kuwa limekwisha, nami sina hakika nalo. Umeandika kana kwamba shule imeamua. Aliyekuambia ni mwalimu wa usafiri, pembeni, kwa mdomo. Mkuu wa shule unajua anasemaje? Mkurugenzi mwenye shule je? Inawezekana kabisa wote wanajua na wameafiki. Inawezekana pia aliambiwa apunguze matumizi ya usafiri, akakata alichoona ni rahisi kukata, na lile la "anaumwa" likawa lake mwenyewe la kujikinga. Haya ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake ni kubwa kwako, kwa sababu katika hali ya kwanza unapambana na shule, na katika ya pili unaipelekea shule habari isiyokuwa nayo.

Kwa hiyo wengi wangeanzia kwa barua fupi kwa mkuu wa shule, kupitia kwa mwalimu huyo huyo ili asiseme umemruka. Humo hutuhumu mtu. Unaeleza kituo gani, watoto wa umri gani, wanavuka wapi, gari linabaki na nani. Unaeleza kwamba ukishuka, gari lenye watoto linabaki bila mtu mzima, na usiposhuka, mtoto anavuka peke yake. Unapendekeza mzunguko mpya, au mwalimu, au matroni arudi hata kwa zamu ya jioni tu. Unaweka tarehe, unabaki na nakala. Nakala hiyo ina kazi yake: Mungu apishe mbali, likitokea la kutokea, trafiki watashika leseni yako wewe, na maagizo ya mdomo hayaonekani kwenye faili. Hatari ya njia hii ni kwamba mwalimu wa usafiri atajua umeanza kuandika, na mtu aliyekwisha kukudokeza habari za madereva wa vijiweni anaweza kukutafutia kosa. Wewe ndiye unayemjua, pima.

Kuhusu wazazi, naona umejiwekea milango miwili tu, kuendelea kudanganya au kutangaza kwenye kundi lao. Katikati kuna nafasi kubwa. Kuacha kusema uongo na kuanza kampeni ni mambo mawili. Mama akiuliza tena, unaweza kumjibu, "Mama, kwa sasa Anti hayupo kwenye gari, nakuomba umuulize mkuu wa shule, yeye ndiye mwenye maelezo." Hapo hukumsema mtu vibaya, hukutoa siri ya mishahara, na hukumdanganya. Sitakuficha kwamba hata jibu hilo lina gharama. Mama mwerevu ataelewa, atapiga simu shuleni jioni hiyo hiyo, na shule itajua imetoka kwako.

Lakini huo mchango, baba, umebadilisha mambo. Pesa zikishakusanywa kwa ajili ya mgonjwa ambaye haumwi, jambo limetoka kwenye kisingizio cha ofisi na limeingia kwenye mifuko ya watu. Siku wazazi watakapojua, hawatamkumbuka mwalimu wa usafiri ambaye hawamjui hata kwa sura. Watamkumbuka Anko wa dirishani aliyesema atauliza amelazwa wapi. Na kuna mtu mwingine tuliyemsahau, Anti mwenyewe. Jina lake na afya yake vinatumika, naye yuko Msakuzi na maandazi yake, hana habari. Kwenda kumwona na kumweleza kinachosemwa hakuhitaji ruhusa ya mtu. Pengine ana wazazi anaofahamiana nao, na angependa kuwaambia mwenyewe kwamba ni mzima na kwamba amepunguzwa kazi. Ukweli ukitoka kwake unatoka mahali pake. Angalia tu usimtume. Ukimtuma aseme kwa niaba yako, utakuwa umemtwisha mzigo wako kama wewe ulivyotwishwa wa ofisi. Mwambie pia, kama hajui, kwamba aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Muda wake unakwenda.

Na wewe una haki gani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema haiwi sababu ya haki kumwachisha mfanyakazi kwa kuwa ametoa taarifa ambayo sheria inampa haki au inamtaka aitoe, wala kwa kuwa amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kumtaka alifanye. Ni maneno mazuri, na ni vizuri uyajue. Lakini sitaki uyabebe kama ngao isiyopenyeka. Mwajiri anaweza kusema amekuondoa kwa sababu nyingine, na mkabishana kama kumwambia mzazi ni taarifa ya aina hiyo au la. Shauri huchukua muda, na ada ya muhula haisubiri shauri. Kabla ya hatua yoyote kubwa, nenda kazungumze na watu wa msaada wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husikiliza watu kama wewe bila malipo. Wapelekee nakala ya barua yako na mkataba wako wa kazi kama upo.

Umenitajia pia kwamba unawaza kugoma, nadhani, ingawa hukuandika neno hilo. Nimeliona katikati ya mistari. Dereva anayekataa kuondoa gari lenye watoto wa chekechea bila msaidizi anasimama mahali pa heshima. Ila fikiria asubuhi ya siku hiyo. Wazazi wamechelewa kazini, watoto wako kituoni na sare, na zitaitwa bodaboda. Watoto watatu kwenye bodaboda moja, bila kofia, kwenye barabara ile ile. Kama utafikia huko, mwajiri ajue kabla, kwa maandishi, na wazazi wawe wamepewa nafasi ya kujipanga. Vivyo hivyo kwenda kwa trafiki, kwa LATRA, yaani mamlaka ya usafiri wa ardhini, au kwa afisa elimu wa kata. Ni haki ya kila raia, na pengine ndiko jambo hili litakakofika ofisi ikiziba masikio. Lakini gari likizuiliwa leo, kesho watoto wanakwendaje? Swali hilo halikukatazi kwenda. Linakusaidia kuchagua wakati na kujua utakachowaomba wakifanye.

Kuacha kazi nako kupo. Ungetoka na dhamiri nyeupe, na atakayeshika usukani baada yako huenda asiwe na tochi. Sisemi hivyo kukufunga. Mtu ana haki ya kuondoka mahali panapomtaka aseme uongo, na kuna shule zinazotafuta dereva wa namna yako.

Umeniuliza wajibu wako unaishia wapi, na mke wako amekwisha kukujibu kwamba unaishia kwenye usukani. Sitabishana naye, kwa sababu yeye anatazama ada ya watoto wawili na mimi siilipi. Ila naona kuna kitu hamjakiweka mezani pamoja. Mtoto wenu mdogo yumo ndani ya gari hilo. Siku unaposhuka kumvusha wa mwenzio, wa kwenu ndiye anayebaki ndani na funguo. Sina hakika kama mkeo amewahi kuelezwa jinsi jioni ile inavyokuwa, kituo kwa kituo, au amesikia tu kwamba kuna ugomvi na mwalimu wa usafiri.

Ningependa mkae nyinyi wawili kabla hujaandika barua wala kumjibu mama yeyote. Mchukue kalamu. Mwandike mshahara wako, nusu ada mnayosamehewa, akiba mliyonayo, na mngeweza kuvumilia miezi mingapi kama ungesimamishwa. Mwandike na shule nyingine mbili tatu za karibu na ada zake. Mkishajua kiasi, hofu itakuwa na mipaka, na utajua unaweza kwenda hadi hatua ipi kati ya hizi bila kuitumbukiza nyumba yako shidani. Inawezekana mkaona mnaweza kusimama imara kuliko mlivyodhani. Inawezekana mkaona muhula huu mwende polepole, uanze na mzunguko wa gari na barua, na mengine yafuate. Yote mawili nitayaheshimu.

Mama wa Dada Mkubwa mtafute wiki hii. Na ofisi ikikujibu, kwa wema au kwa ukali, niandikie tena tuone pamoja.

Wako, Mama Mshauri